Baada ya Mafunzo: Mwongozo wa Miezi ya Kwanza kwa Anayejitolea Ughaibuni

SOMO LA SABA

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:
(a) kueleza nafasi ya mjitoleaji kisheria na mipaka ya kazi anayoweza kupewa;
(b) kutaja hatua za lazima katika wiki za kwanza za kuishi ugenini;
(c) kuutambua mkataba unaozidi muda wake wa kukaa nchini na kuuepuka;
(d) kupanga matumizi ya posho yake;
(e) kujua pa kupeleka malalamiko endapo haki yake itakiukwa.

Utangulizi

Mafunzo yamekwisha. Vyeti vimegawiwa, picha zimepigwa, na wenzako uliolala nao bweni moja wametawanyika, kila mmoja katika mji wake. Asubuhi ya pili unaamka peke yako katika chumba usichokizoea, nje kuna baridi, na mezani kuna bahasha tatu zilizoandikwa kwa lugha uliyoisoma kwa miezi michache tu. Mwalimu aliyekuwa akijibu kila swali hayupo tena. Hapo ndipo maisha ya kujitolea yanapoanza kwa kweli.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjitoleaji hupewa jembe lake siku ya kwanza. Ila pamoja na jembe hilo hukabidhiwa jambo jingine ambalo mafunzo mengi hayaligusii: anakuwa mlaji katika soko la nchi ngeni. Atanunua, atafungua akaunti, atasaini mikataba, atakatwa fedha benki, na atadaiwa. Makosa mengi yanayowagharimu vijana walio ugenini hutokea katika miezi mitatu ya kwanza, si kwa uzembe, bali kwa sababu mtu amechukua desturi za nyumbani akadhani zinafanya kazi kila mahali.

Somo hili linaichukua Ujerumani kuwa mfano, kwa kuwa ni miongoni mwa nchi zinazopokea vijana wa Afrika Mashariki kwa ajili ya huduma ya kujitolea. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango uitwao weltwärts wa kuwapeleka vijana wake katika nchi zinazoendelea, na baadaye mpango huo ukafungua mlango wa pili, ili vijana wa nchi hizo nao waende kujitolea Ujerumani. Wengi wao hutumikia chini ya utaratibu wa Bundesfreiwilligendienst, yaani Huduma ya Kujitolea ya Shirikisho, ulioanza mwezi Julai 2011 wakati utumishi wa lazima jeshini uliposimamishwa. Sheria za nchi nyingine zina tofauti zake, lakini maswali ya kuuliza ni yale yale.

Ili somo lieleweke, tutamfuata binti mmoja wa mfano. Tuseme ametoka Morogoro, ana umri wa miaka 23, amemaliza mafunzo ya lugha na semina ya maandalizi, na amepangiwa kutumikia miezi 12 katika makao ya wazee kwenye mji mdogo.

1. Wewe ni nani mbele ya sheria?

Mjitoleaji si mtalii, wala si mwajiriwa. Halipwi mshahara, hupewa posho ya kujikimu, na mara nyingi malazi, chakula, au fedha badala ya vitu hivyo. Katika Huduma ya Kujitolea ya Shirikisho, sheria huweka kiwango cha juu cha posho ambacho hakiruhusiwi kuzidishwa, lakini haiweki kiwango cha chini. Ndiyo maana wawili waliosafiri kwa ndege moja wanaweza kupokea posho tofauti bila yeyote kudhulumiwa. Jambo la kuangalia si posho ya mwenzako, bali kile kilichoandikwa katika mkataba wako.

Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, hakikisha mkataba unataja mambo haya sita: tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi kwa wiki, kiasi cha posho, malazi na chakula, au fedha za kufidia, siku za likizo, na bima. Kwa vijana walio chini ya miaka 27, huduma ya miezi 12 huambatana na siku 25 za semina. Siku hizo huhesabiwa kuwa sehemu ya huduma, hazikatwi katika likizo, na hulipwi pungufu kwa kuhudhuria. Anayekwambia uzifidie kwa kufanya kazi Jumapili anakosea.

Kumbuka pia kwamba pasipoti yako ni mali ya serikali iliyoitoa, nawe umepewa uitunze. Kituo kinaweza kuomba nakala yake. Hakiwezi kuifungia kabatini kwa kisingizio cha usalama.

2. Wiki mbili za kwanza

Jambo la kwanza ni kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ya mji unaoishi. Wajerumani huliita Anmeldung, na sheria inataka lifanyike ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Nenda na pasipoti pamoja na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kuwa umehamia kwake. Barua hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba. Si hisani ya kuombwa kwa magoti, wala haiuzwi.

Binti wetu alitaka kulichelewesha jambo hili hadi aizoee lugha. Angefanya hivyo, angejifungia milango mingi kwa mkupuo mmoja. Bila uthibitisho wa makazi, benki itasitasita, namba ya kodi haitatumwa kwa posta, na ofisi ya wageni haitakuwa na anwani ya kukuandikia.

Jambo la pili ni kibali cha ukaazi. Viza uliyoingia nayo huenda inafikia miezi michache tu, wakati huduma yako ni ya mwaka mzima. Omba miadi katika ofisi ya wageni mapema, hata kama viza ina miezi miwili mbele. Katika miji mingi miadi hupatikana baada ya majuma kadhaa. Tunza ushahidi wa maandishi unaoonyesha siku uliyoomba. Ukiwa umeomba kabla ya viza kwisha na jibu halijatoka, unaweza kupewa hati ya muda inayoonyesha kuwa ukaazi wako unaendelea kuwa halali.

Jambo la tatu ni saa. Hili litamchekesha asiyesafiri, lakini limewaharibia wengi siku ya kwanza ya kazi. Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Mjerumani huhesabu kuanzia usiku wa manane, tena kwa tarakimu 24. Zamu iliyoandikwa 14:00 ni ya saa nane mchana. Hapo wengi hujirekebisha upesi. Mtego mkubwa uko katika mazungumzo. Mjerumani akisema halb drei, kwa maneno yenyewe ni "nusu tatu", naye anakusudia kwamba imebaki nusu saa kufika tatu yao, yaani saa nane na nusu mchana kwa hesabu yetu. Anayetafsiri kuwa ni tatu na nusu atafika akiwa amechelewa saa nzima, akijiona amewahi. Kwa hiyo, rudia saa uliyoambiwa kwa tarakimu, au omba iandikwe. Kuuliza si ujinga.

3. Akaunti ya benki na posho

Mtu yeyote anayeishi kihalali katika nchi za Umoja wa Ulaya ana haki ya kufungua akaunti ya msingi ya malipo. Nchini Ujerumani haki hiyo imo katika sheria tangu Juni 2016. Benki inayopokea maombi yaliyokamilika inapaswa kujibu ndani ya siku 10 za kazi, na haiwezi kukukataa kwa sababu tu huna kipato kikubwa au umetoka mbali. Ada za mwezi hutofautiana baina ya benki na benki. Linganisha walau benki tatu kabla ya kuchagua.

Ukiisha kuwa na akaunti, utaombwa mara kwa mara kutoa idhini ya makato: kampuni ya simu au ya usafiri inajichukulia fedha yenyewe kila mwezi. Utaratibu huu ni wa kawaida na una kinga yake. Ukiona makato usiyoyatambua, una wiki nane za kuiagiza benki iyarudishe bila kutoa sababu. Kama hukutoa idhini kabisa, muda ni mrefu zaidi. Kinga hiyo haina faida kwa asiyefungua taarifa ya akaunti yake. Chagua siku moja kila wiki uipitie mstari kwa mstari.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme binti wetu anapewa chumba na chakula cha mchana kazini, pamoja na posho ya euro 400 kwa mwezi. Daftari lake linaweza kuwa hivi:

Chakula cha asubuhi na jioni: 140
Usafiri: 63
Simu: 10
Usafi na dawa ndogo ndogo: 25
Mavazi ya baridi: 40
Matembezi na burudani: 32
Akiba ya dharura: 50
Msaada wa nyumbani: 40
Jumla: 400

Kifungu cha mavazi kisidharauliwe. Mwezi Desemba jua la kaskazini mwa Ulaya huzama karibu saa kumi jioni, na baridi hupenya kiatu cha turubai kana kwamba hakipo. Hata hivyo hakuna haja ya kununua koti jipya. Mitumba ambayo sisi huipokea ikiwa imefungwa katika marobota, huko huuzwa katika maduka ya hisani na magulio ya mwisho wa wiki, mara nyingi kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Nunua viatu na koti kwanza, mengine yatafuata.

Jambo dogo lenye faida: chupa nyingi za vinywaji hulipiwa amana. Chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ina amana ya senti 25, nayo hurudishwa ukiipeleka kwenye mashine dukani. Anayetupa chupa nne ametupa euro nzima. Na kwa kuwa maduka karibu yote hufungwa Jumapili, nunua mahitaji Jumamosi. Anayesahau hujikuta akinunua mkate kituo cha treni kwa bei ya juu.

4. Mkataba usizidi safari yako

Hiki ndicho kiini cha somo.

Mwezi wa kwanza wa binti wetu ulipokwisha, aliingia katika duka la simu. Muuzaji alikuwa mchangamfu na alizungumza polepole ili aeleweke. Alimwonyesha simu nzuri ya "bure", intaneti nyingi, kwa euro 30 tu kwa mwezi. Binti alipiga hesabu haraka: euro 30 anazimudu. Akasaini.

Alichokosa kukiona ni mstari uliosema muda wa mkataba ni miezi 24. Yeye alibakiwa na miezi 11 ya kukaa nchini. Hesabu yake halisi ni hii: miezi 24 kutoa 11 ni miezi 13, miezi 13 mara euro 30 ni euro 390. Hiyo ni karibu posho ya mwezi mzima, kwa simu ambayo atakuwa ameshaiacha nyuma, ikidaiwa wakati yeye yuko Morogoro. Na simu ile ya "bure" haikuwa ya bure. Bei yake ilikuwa imegawanywa ndani ya zile euro 30.

Sheria ingemsaidia vipi? Ingemsaidia kabla ya kusaini zaidi kuliko baada ya kusaini.

Kwanza, mkataba wa simu hauruhusiwi kuwa na muda wa mwanzo unaozidi miezi 24, na mtoa huduma analazimika kuwa pia na mkataba usiozidi miezi 12. Muuzaji si lazima aanze na huo. Ni juu yako kuuomba.

Pili, kabla ya kusaini, mtoa huduma anapaswa kukupa muhtasari wa mkataba wenye bei, muda na masharti ya kuuvunja. Omba uende nao nyumbani. Ofa nzuri leo haitakuwa mbaya kesho asubuhi.

Tatu, mkataba uliofungwa kwa intaneti, kwa simu, au mlangoni pako unaweza kwa kawaida kuubatilisha ndani ya siku 14 bila kutoa sababu. Mkataba uliosainiwa dukani hauna haki hiyo, isipokuwa duka lenyewe limekubali. Wengi huamini kinyume chake, kwamba cha dukani ndicho salama zaidi kwa kuwa wamemwona muuzaji uso kwa uso. Binti wetu alisaini dukani.

Nne, mikataba mingi iliyofungwa tangu Machi 2022, muda wake wa mwanzo ukiisha, hauwezi tena kujirefusha kwa mwaka mzima. Huendelea bila kikomo, nawe unaweza kuuvunja kwa taarifa ya mwezi mmoja. Hata hivyo usipotoa taarifa, utaendelea kulipa.

Kwa anayekaa mwaka mmoja, njia salama ni laini ya kulipia kabla: unaweka salio, unatumia, likiisha limeisha. Kuisajili kunahitaji kitambulisho, hivyo pasipoti itaulizwa. Kanuni ya kushika ni moja: kabla ya kusaini chochote, andika tarehe ya mwisho ya mkataba ule karibu na tarehe ya tiketi yako ya kurudi. Ikiwa ya mkataba iko mbele, usisaini.

Kanuni hiyo hiyo itumike kwa mazoezi ya viungo, majarida, na tiketi za mwezi. Tiketi ya kitaifa ya usafiri wa umma ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026. Ni nafuu kwa anayesafiri kila siku, lakini ni ya kujirudia: kuisitisha mwishoni mwa mwezi, taarifa itolewe kufikia tarehe 10 ya mwezi huo. Uliza kituoni kama jimbo lako lina bei ya punguzo kwa wajitoleaji. Na usipande treni bila tiketi ukitumaini huruma. Faini ya kawaida ni euro 60.

5. Bahasha isifunguliwe kesho

Nyumbani, jambo zito huletwa na mtu. Mjumbe atakuja, au simu itapigwa. Ujerumani jambo zito huletwa na posta, na muda huanza kuhesabiwa hata kama barua hujaifungua.

Barua moja itakayokufikia bila shaka baada ya kujiandikisha ni ya mchango wa redio na televisheni za umma. Wengi huitupa wakisema hawana televisheni. Mchango huo hautozwi kwa televisheni wala kwa kichwa. Hutozwa kwa nyumba, euro 18.36 kwa mwezi tangu Agosti 2021. Maana yake ni kwamba ukipanga na wenzako watatu, nyumba nzima hulipa mara moja tu. Na ukiishi na familia inayolipa tayari, unapaswa kujibu barua ukitaja namba yao ya malipo. Anayenyamaza hawi amesamehewa. Deni hukua pamoja na nyongeza.

Bahasha ya njano ina uzito zaidi: ni barua rasmi iliyoandikiwa siku ya kufikishwa. Ikiwa ndani yake mna amri ya malipo kutoka mahakamani na hulitambui deni hilo, una wiki mbili za kupinga. Usiitie mfukoni. Ipeleke siku ile ile kwa mwelekezi wako au kwa kituo cha ushauri wa walaji. Kila jimbo kati ya majimbo 16 ya Ujerumani lina taasisi hiyo, iitwayo Verbraucherzentrale. Baadhi ya huduma zake hulipiwa ada ndogo, lakini ada hiyo ni nafuu kuliko kulipa deni lisilo lako.

6. Afya na bima

Katika Huduma ya Kujitolea ya Shirikisho, kituo hukulipia bima ya afya ya umma pamoja na michango mingine ya hifadhi ya jamii. Utaletewa kadi, itembee nawe. Ukiumwa, toa taarifa kazini asubuhi ile ile, kabla zamu haijaanza, na uliza ni siku ya ngapi cheti cha daktari kinahitajika. Dawa zilizoandikwa na daktari kwa kawaida huchangiwa kati ya euro 5 na 10.

Zihifadhi namba tatu: 112 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi, na 116117 kwa daktari wa nje ya saa za kazi ikiwa ugonjwa hauhatarishi maisha.

Uliza pia kuhusu bima ya madhara kwa wengine. Huko, aliyemwagia kompyuta ya mwenzake chai hulipa kompyuta. "Samahani" hupokelewa kwa tabasamu, na ankara hufuata. Baadhi ya mipango humkatia mjitoleaji bima hiyo, mingine haimkatii. Ujue uko upande gani kabla ya chai kumwagika.

7. Msaidizi si mbadala

Rudi kwa binti wetu kazini. Mwezi wa tatu, muuguzi wa zamu ya usiku aliugua. Msimamizi akamwomba binti abaki peke yake na wazee 18 hadi asubuhi, akawape pia dawa zao za usiku. "Wewe ni hodari," akamwambia, "na ni usiku mmoja tu."

Binti alikuwa amelelewa kuwaheshimu wakubwa, na kumkatalia mkubwa kulimwia vigumu. Lakini sheria ya huduma ya kujitolea iko wazi katika jambo hili: mjitoleaji husaidia, hachukui nafasi ya mwajiriwa. Ataandaa meza, atamsukuma mzee kitini hadi bustanini, atasoma gazeti naye, atasaidia kulisha akiwa ameelekezwa. Kugawa dawa na kubeba dhamana ya jengo zima usiku ni kazi ya aliyesomea. Tena hapa hailindwi haki ya binti pekee. Mzee akipewa dawa isiyo yake, hakuna ushujaa utakaoyarudisha maisha yake.

Jibu lake lilikuwa la heshima na lilitosha: "Niko tayari kubaki na kusaidia nikiwa pamoja na muuguzi. Peke yangu siruhusiwi, na ninaogopa kuwadhuru wazee." Kisha akaandika katika daftari lake tarehe, saa, na maneno aliyoambiwa.

Jambo la namna hii likijirudia, panda ngazi kwa utaratibu. Anza na mwelekezi uliyepangiwa hapo kituoni. Asipokusikiliza, nenda kwa shirika lililokupeleka na linalosimamia semina. Wajitoleaji wa Huduma ya Shirikisho huchagua pia wasemaji wao, nao wanaweza kulifikisha suala juu. Inawezekana pia kuomba kuhamishiwa kituo kingine; lakini usiache kituo kabla ya kupata uthibitisho wa maandishi, kwa sababu kibali chako cha ukaazi kimefungamana na huduma yako. Na hali ikihusu usalama wako au pasipoti yako, balozi za Tanzania na Kenya zipo Berlin.

8. Nyumbani wanakutazama

Siku moja binti alipokea ujumbe: "Mwanangu, hujambo? Huko Ulaya mambo si mabaya. Mdogo wako anadaiwa ada, laki tano tu. Nakutegemea. Mjomba wako."

Hili hutendeka karibu kwa kila aliyevuka bahari. Mjomba si mwovu. Hajui tofauti ya mshahara na posho, na hakuna aliyemweleza. Njia mbaya ni mbili: kunyamaza, na kukopa ili kutuma. Binti alijibu hivi: "Shikamoo mjomba. Nimeupata ujumbe. Huku sijaajiriwa, najitolea, napewa fedha za kula na nauli. Nimetenga kidogo kila mwezi kwa ajili ya nyumbani, nitamtumia mama tarehe tano, naye ataona cha kumsaidia mdogo wangu. Zaidi ya hapo sina, mjomba, na sitaki kukudanganya."

Unapotuma, angalia mambo mawili na si moja: ada ya kutuma na kiwango cha kubadilishia fedha. Kampuni inayotangaza ada sifuri inaweza kujifidia katika kiwango. Swali sahihi ni hili: nikitoa euro 40, mama atapokea shilingi ngapi mkononi? Linganisha jibu hilo tu. Kutuma mara moja kwa mwezi kwa kawaida hupunguza gharama kuliko kutuma vipande vipande.

9. Kufunga vema

Mwezi mmoja na nusu kabla ya kuondoka, anza kufunga ulichofungua. Vunja mikataba kwa maandishi na udai uthibitisho. Sitisha tiketi ya mwezi kabla ya tarehe 10. Jiondoe katika orodha ya wakazi. Hilo linawezekana kuanzia wiki moja kabla ya kuhama na halipaswi kupita wiki mbili baada yake. Tumia hati ya kujiondoa kusitisha mchango wa redio. Acha akaunti ya benki iwe ya mwisho, makato yote yakishakwisha. Omba cheti cha utumishi kinachoeleza kazi ulizofanya. Ni haki yako, na ni rahisi kukipata ukiwa bado uko pale kuliko kukifuatilia kwa barua.

Muhtasari

• Soma mkataba wako wa huduma. Usijipime kwa posho ya mwenzako.
• Jiandikishe ndani ya wiki mbili, na omba miadi ya kibali mapema.
• Usisaini mkataba unaozidi tarehe yako ya kurudi. Cha dukani hakina siku 14 za kujirudi.
• Fungua kila barua siku inapofika, na taarifa ya benki kila wiki.
• Wewe ni msaidizi. Kazi ya kitaalamu ina wenyewe.
• Waeleze wa nyumbani ukweli mapema.

Maswali ya kujipima

1. Kijana amebakiwa na miezi 9 ya huduma. Anapewa mkataba wa simu wa miezi 24 kwa euro 25 kwa mwezi. Je, atalipa kiasi gani kwa miezi ambayo hatakuwepo? (Jibu: miezi 15, euro 375.)
2. Umeambiwa kikao ni halb zehn asubuhi. Kwa saa za Kiswahili ni saa ngapi? (Jibu: saa tatu na nusu asubuhi.)
3. Umeona katika akaunti makato ya wiki tano zilizopita ambayo huyatambui. Je, umechelewa? (Jibu: hapana, una wiki nane.)
4. Andika sentensi mbili za heshima utakazomwambia msimamizi anayekupa kazi usiyoruhusiwa kufanya. Zisome kwa sauti mpaka zikae mdomoni, kwa maana siku utakapozihitaji hutakuwa na muda wa kuzitafuta.